Nyuma ya Karatasi

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Kifua je, kimetulia au bado unakohoa kama injini ya zamani? Sisi karakanani wazima sote ishirini na watatu, isipokuwa Mama Pindo aliyejidunga sindano ya cherehani kidoleni, na hilo ni kosa la riwaya yako ya mzimu, si la cherehani.

Vitabu vitatu vimefika. Kama kawaida nimewasomea kwa sauti kila siku kuanzia asubuhi hadi kengele ya chakula, na wenzangu wakagawana kushona mashuka yangu, kila mmoja moja la ziada, hesabu ya hospitali ikatimia bila wasiwasi. Haya, pokea maoni, na usiyapunguze makali.

"Pete Ndani ya Sabuni" ni ya mapenzi. Kijana tajiri anampenda msichana wa kufua, anaficha pete ndani ya mche wa sabuni, msichana anafua mwezi mzima mpaka pete inachomoza. Nusu ya karakana ililia. Nusu nyingine, na mimi nikiwemo, iliuliza: mwezi mzima anafua, na huyo anayempenda amekaa tu anamtazama? Ameshindwa hata kumbebea ndoo? Bi Mkasi, mkataji wetu wa vitambaa, alisema angekuwa yeye, pete ile ingeishia chooni. Mwandishi anajua kuandika macho na midomo, ila mikono hajawahi kuiona. Kurasa mia tatu za sabuni na hakuna kidole hata kimoja kilichochubuka!

"Lifti Haisimami Ghorofa ya Nne" ni ya kutisha, na inatisha kweli kwa sababu haipigi kelele. Mzimu wenyewe hausemi, hautoki damu, unabonyeza tu kitufe. Pale lifti inapofunguka yenyewe ndipo Mama Pindo alipokanyaga pedeli bila kutazama. Anasema hana kinyongo na mwandishi, kitabu ni kizuri. Lakini ukurasa wa mwisho mwandishi kaogopa, akatuambia yote yalikuwa ndoto. Tulizomea. Mtu akishatutisha mpaka tukatoka damu, asije kutuambia tulikuwa tumelala.

"Funguo za Mhasibu" ni ya upelelezi. Mhasibu amekutwa amekufa ofisini, mlango umefungwa, funguo ziko mfukoni mwake. Wanashukiwa mkurugenzi, naibu wake, mke na dereva. Mpelelezi anavuta kiko na kuuliza maswali kwa kurasa mia mbili. Mwisho wake ndio uliotunyanyua vitini. Muuaji ni mfagizi! Yule mwanamke aliyeleta chai ukurasa wa arobaini, ambaye hakuna aliyemuuliza hata jina. Yeye ana funguo za vyumba vyote. Wakati mpelelezi anatamba mbele ya wakubwa, mfagizi anapiga deki miguuni pao. Anawaomba wanyanyue viatu, wananyanyua, anapita na ndoo yake, anatoka mlangoni na harudi tena. Mpelelezi anabaki na kiko chake. Miaka yote ya kusoma, huyu ndiye mpelelezi wa kwanza kupata alichostahili.

Tunasubiri vingine.

Ni sisi wa karakana, kwa mkono wa
Dada yako

(Nyuma ya karatasi)

Mbele nimeshawasomea wenzangu kabla ya kufunga bahasha. Huku nyuma, kama siku zote, ni kwangu na wewe.

Kwanza, ile riwaya ya mhasibu haina kurasa za mwisho. Inakatika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, mpelelezi anasema "Muuaji ni", halafu jalada. Mwisho niliokuandikia tumeutunga wenyewe. Ameutoa Kimya, yule wa vifungo ambaye huwa hasemi. Wenzangu walitaka nikufiche waone kama utashtuka. Mimi nakwambia huku ili usije ukauhadithia ukaaibika mbele za watu.

Pili, tuna meneja mpya. Anasema kusoma ni kupoteza muda wa kazi, na mwisho wa mwezi huu kunakoma. Lakini amesema akipata barua yenye mhuri kutoka ofisi inayoeleweka, kwamba usomaji wetu una faida kwa mtu yeyote, atatuacha. Gazeti lako lina mhuri. Mistari mitano tu inatosha. Mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu. Hiki nakuomba.

Tatu, ile salamu ya shemeji iache. Sababu unaijua.


19 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua hivyo hivyo. Naandika mbio mbio, taipureta inanisubiri na mhariri anapita kila baada ya dakika mbili.

Barua yako nimeisoma nimesimama na nikaenda nayo mezani moja kwa moja. Maoni yenu kuhusu mwisho wa "Funguo za Mhasibu" ni moto! Sijasoma kitu kama hicho siku nyingi. Uniandikie mapema kuhusu hizi tatu ninazotuma: moja ya kihistoria, moja ya mambo ya miaka mia ijayo, na moja ya vituko vya ofisini.

Ila wewe, dada, hata siku moja huniambii habari zako. Miaka mitatu ni vitabu tu, vitabu tu. Sawa, najua una donge tangu nilipohama. Ipo siku litashuka.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako


31 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na kifua chako nakiombea nafuu, maana utakihitaji. Sisi wazima.

Juzi imekuja shehena mpya ya uzi, imefungwa kwa magazeti ya zamani. Kimya akafungua, akaniletea ukurasa. Juu kuna picha yako, umevaa tai, umeshika kidevu. Chini ya picha pameandikwa "Mezani kwa Mhakiki". Na chini yake, neno kwa neno, kuna maoni yetu ya Januari kuhusu wale ndugu wawili waliogombania nyumba. Hata utani wa Mama Pindo umo, kwamba nyumba ile ilikuwa na akili kuliko wenyewe.

Ulituambia kazi yako hapo gazetini ni kusahihisha makosa ya chapa. Ukasema maoni yetu unapenda tu kuyasoma.

Nilisimama nikawasomea safu yako yote kwa sauti. Unajua kilichotuuma? Si kwamba umechukua. Maneno tulikupa wenyewe. Kilichotuuma ni kwamba kila tulipoandika "sisi", umeweka "mimi". "Tulilia" imekuwa "nilivutiwa". "Tulizomea" imekuwa "naona udhaifu kidogo". Umetupiga pasi mpaka tumelala kama mashuka.

Sasa sikia. Hatutaki shukrani wala zawadi. Tunataka mstari mmoja chini ya safu yako: Maoni haya ni ya washonaji ishirini na watatu wa karakana ya hospitali. Usipouweka, hupati hata nukta kutoka kwetu. Riwaya zako mpya tutazisoma, kitabu hakina kosa. Maoni tutabaki nayo.

Dada yako, pamoja na wenzake ishirini na wawili

(Nyuma ya karatasi)

Lile nililokuomba hukulijibu, na salamu za shemeji umezirudia tena kana kwamba unanikomoa. Nimeumia, nakwambia wazi. Sikuombi mara ya pili. Kesho ni tarehe mosi. Nitafungua kitabu na nitasoma, waje wanitoe.


10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nimekaa siku nne natafuta maneno, na bado sina uhakika nimeyapata.

Sikukudanganya. Makosa ya chapa nasahihisha kweli, mchana kutwa, chini ya ardhi, kwenye taa inayopepesa. Safu nilipewa juu ya hiyo kazi. Kila wiki riwaya nzima! Nisome saa ngapi? Wewe ulikuwa unasoma, ukaniandikia, nikaona tunasaidiana.

Na tuseme ukweli, dada. Nani atanunua gazeti ili ajue karakana ya mashuka inasemaje? Mhariri anataka jina moja na picha moja. Mimi ndiye niliyeyafikisha maneno yenu kwa watu. Bila mimi yangebaki humo humo na vipande vya vitambaa. Isitoshe, ni wewe uliyenifundisha kusoma, kwenye sakafu ya jikoni, kidole chako juu ya herufi za gunia la unga. Kwa hiyo hata maneno yangu ni yako. Tuchukulie hivyo, yaishe.

Mstari unaoutaka siwezi kuuweka. Leo imetoka safu ya "Funguo za Mhasibu" na watu wanaizungumzia hadi kwenye ngazi. Mhariri amenipiga piga begani. Usiniharibie sasa hivi, nakusihi.

Msalimie shemeji. Labda yeye atanielewa.

Mdogo wako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Hatujambo, na hiyo "hamjambo" yako tunaichukulia hivyo hivyo ilivyo.

Barua yako nimewasomea wote. Ndicho kitu pekee nilichowasomea hadi mwisho mwezi huu, kwa kuwa kitabu kimepigwa marufuku. Tarehe mosi nilifungua "Mpagazi wa Malkia", ile ya kihistoria, nikafika ukurasa wa tatu, meneja akaja mwenyewe, akakitoa mkononi mwangu na kukifungia kabatini pamoja na mashuka yaliyochanika. Nikaazima kingine kama hicho mahali pengine. Sasa nasoma nyumbani, nikija kazini nahadithia kwa mdomo huku nashona. Amepiga marufuku kitabu, hakutaja mdomo.

Alipogundua, akaleta redio kubwa ituzibe masikio. Siku ya pili waya wa redio ulikutwa umekatika. Bi Mkasi anasema alikuwa anakata gauni za wagonjwa, mkasi ukateleza. Mkasi wake una miaka kumi na tisa, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuteleza.

Basi nimepewa barua ya onyo. Natakiwa niitie sahihi kwamba nitakoma, la sivyo nahamishiwa kwenye mashine za kufulia, kule ambako mwenzako akisema unaona midomo tu. Sijaitia sahihi na siitii. Wanihamishe, nitasoma kwa vidole.

Haya, maoni kuhusu barua yako, maana nayo ni hadithi. Tumeshindwa kukubaliana ni ya aina gani. Mama Pindo anasema ni ya mapenzi, kwa vile mhusika mkuu anajipenda sana. Bi Mkasi anasema ni ya kutisha: nyumba imejaa watu na mwenye nyumba anaapa yuko peke yake. Mimi nasema ni ya upelelezi, mwizi anajulikana mwanzoni, halafu tunaombwa tumhurumie hadi mwisho. Lugha ni nzuri. Pale pa gunia la unga paliniliza, sikatai. Lakini mwandishi alijua kuwa pale ni pazuri, akapatumia kunifunga mdomo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na tumelizomea mpaka meneja akachungulia.

"Mpagazi wa Malkia" tumeipenda kuliko riwaya zote za mwaka huu. Kwa nini? Hutajua. Ile ya miaka mia ijayo, "Mwaka Tulioishi Bila Saa", tumegombana nayo hadi Mama Pindo akatoka nje kupunga upepo. Aligombana na nini? Hutajua. Ile ya vituko vya ofisini haikutuchekesha, na sababu tunayo, nzuri sana, iko hapa kwetu.

Visome.

Dada yako


29 Aprili

Dada,

Leo sisalimii, utaniwia radhi au utaacha.

Mwandishi wa "Funguo za Mhasibu" amemwandikia mhariri. Muuaji ni naibu mkurugenzi. Naibu mkurugenzi, dada! Anasema katika kitabu chake mfagizi analeta chai ukurasa wa arobaini na haonekani tena. Ameuliza kama mhakiki wa gazeti hili husoma vitabu au huviota. Barua yake wameichapisha. Mchoraji wetu wa katuni amenichora nimeshika ndoo na kitambaa cha deki, nimenyanyua kiatu changu mwenyewe. Nikipita kwenye ngazi watu wananyanyua miguu.

Mmenichimbia shimo, mkasimama pembeni mkicheka. Nilijua umekasirika, lakini barua ile uliandika kabla hujaliona hilo gazeti. Yaani ulikuwa umeshapanga! Dada yangu wa tumbo moja!

Mhariri ananitaka nijieleze kwa maandishi kabla ya Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Njia iko moja: nitasema mpanga chapa alichanganya mistari ya hadithi nyingine na safu yangu. Ni mzee, karibu anastaafu, hawatamfanya kitu kikubwa. Najua si vizuri. Mmenifikisha hapo nyinyi.

Mdogo wako


4 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo. Mimi nimekaa chini ndipo nikaandika.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikashangaa. Mara ya tatu nikaelewa, na heri ningebaki na hasira.

Chukua barua yangu ya tarehe nne Machi. Igeuze.

Ukimaliza hiyo, geuza na nyingine zote.

Na huyo mzee wa chapa ukimtaja, mimi si dada yako tena.

Dada yako, kwa sasa


16 Mei

Kwa washonaji ishirini na watatu,

Hamjambo wote? Kidole cha Mama Pindo kimepona? Barua hii naomba isomwe kwa sauti.

Ndani kuna kipande cha gazeti la jana. Ni safu yangu ya mwisho. Mliniomba mstari mmoja chini, nimeuweka juu, kwa herufi kubwa: Maoni yote yaliyotoka hapa kwa miaka mitatu ni ya washonaji ishirini na watatu wa karakana ya hospitali. Aliyeweka jina lake hakuwa amesoma vitabu hivyo. Chini yake nimeeleza jinsi mfagizi alivyopatikana na kwamba ni Kimya aliyemtoa mlangoni na ndoo yake. Mpanga chapa sikumtaja. Ndiye aliyezipanga herufi hizo kubwa kwa mkono wake, akaniambia safari hii maandishi yangu yana makosa machache kuliko kawaida.

Safu nimenyang'anywa. Picha wameitoa. Nimerudi chini ya ardhi kwenye taa inayopepesa, na mchoraji wa katuni amenizawadia ule mchoro wa ndoo.

Nimesoma "Mpagazi wa Malkia", yote, kwa macho yangu, siku sita. Nadhani najua kwa nini mliipenda. Mpagazi hasemi neno mpaka mzigo umefika chini, na anapouweka chini, malkia ndiye anayeyumba. Je, ndivyo?

Aliyekuwa mhakiki

(Nyuma ya karatasi)

Dada,

Shikamoo. Hii ni mara yangu ya kwanza kuandika huku.

Kivuli cha wino nilikuwa nakiona. Nilidhani umepenya tu kutoka mbele. Sahihi yako ilikuwa chini, nikajua barua imeisha. Jumapili iliyopita nilikaa sakafuni na barua zako zote, thelathini na mbili zenye maandishi nyuma, nikazipindua moja moja.

Shemeji ameondoka tangu mwaka juzi. Ulilazwa siku tisa. Mwanao amejifungua na mtoto mkampa jina langu la utotoni. Daktari amekwambia macho yako yanachoka na usomaji. Septemba uliniuliza kama nimekufa, nikajibu kwa kukutumia riwaya mbili na kukwambia msalimie shemeji. Na kila mara nilinung'unika kwamba huniambii kitu.

Sina la kujitetea. Nilichukua nilichokuwa na haja nacho nikafunga. Barua yenye mhuri imo humu. Niliigonga mhuri kabla hawajanitoa mezani, lakini imechelewa wiki sita na najua haina maana. Nitakununulia miwani. Nijibu, dada. Hata ukinitukana, nijibu.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifua chako? Sisi tuko wazima, tena tuko wazima kuliko tulivyowahi kuwa, na barua hii naiandika wote wamenizunguka, kila mmoja anataka niongeze neno lake.

Tarehe ishirini meneja aliniita nikatie sahihi. Nilipofika mlangoni kwake nikasikia viatu nyuma yangu. Walikuwa wote ishirini na wawili, kila mmoja amebeba shuka moja. Bi Mkasi akasema, "Kama huyu ana kosa, tupe na sisi fomu. Mashuka yake tunamshonea sisi." Meneja akasema hawezi kuonya karakana nzima, fomu zenyewe hana za kutosha. Kimya akajibu, "Basi usionye mtu." Ndiyo, Kimya! Hajawahi kusema mengi namna hiyo mbele ya mkubwa.

Meneja aliomba muda afikirie. Asubuhi yake kitabu nilikikuta juu ya cherehani yangu. Hakuna barua, hakuna neno. Ametuma tu mtu kuulizia redio. Safu yako ameikata, ameibandika ofisini, na anawaambia wageni kwamba usomaji huu ameuanzisha yeye. Watu wa namna hiyo tumeshawazoea.

Barua yako yenye mhuri imefika. Tunaitumia kuwekea alama kitabuni. Leo iko ukurasa wa sitini na nane.

Maoni yako kuhusu "Mpagazi wa Malkia" tumeyajadili asubuhi nzima. Umekosea. Sisi tuliipenda kwa sababu mpagazi anachagua njia, na malkia hajui mpaka mwisho kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapelekwa. Lakini safari hii umekosea kwa maneno yako mwenyewe, na karakana imesema hilo liandikwe. Kuhusu yule wa naibu mkurugenzi, Kimya anashikilia kwamba mwandishi ameukosea mwisho wa kitabu chake.

Mezani kwetu, washonaji ishirini na watatu, kwa mkono wa
Dada yako

(Nyuma ya karatasi)

Miwani ninayo tangu Agosti. Niliandika nyuma ya barua ya Agosti, kwa hiyo hata sasa unaruka kurasa. Rudia tena.

Nilidhani una roho mbaya. Kila nikifika pale pa "msalimie shemeji" nilikuwa naona unanicheka, unanirudisha kwa mtu aliyeniacha. Nililia sana, nakwambia ujue. Kumbe hukuwa na roho mbaya, hukuwepo tu. Sijui lipi linauma zaidi. Sijakusamehe, na usiniharakishe. Barua yako imekatika kabla ya mwisho kama ile ya mhasibu, na mwisho wake siutungi peke yangu.

Mtoto mwenye jina lako ameanza kutembea, na ni mbishi. Usitume tena riwaya kwa posta. Zibebe mwenyewe. Kuna kiti karibu na dirisha, na kuna cherehani yenye pedeli ngumu. Ukifika hutasoma wala hutaandika. Utashona shuka langu, na mimi nitasoma.

Dada yako